Somo: Kutafuta poti ambayo kifaa kimechomekwa katika mtandao wenye ruta nyingi

Swali ambalo msimamizi wa mtandao huulizwa mara nyingi, tena kwa haraka, ni hili: anwani fulani ya IP inasumbua, je, kifaa chenye anwani hiyo kiko wapi? Katika somo hili sitafuti mji wala nchi. Natafuta jina la swichi na namba ya poti, yaani kebo yenyewe, ndani ya mtandao ambao msomaji ana idhini ya kuingia katika ruta na swichi zake.

Anayeelewa tofauti ya anwani mbili hapotei njiani. Anwani ya IP husafiri na pakiti kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale inapobadilishwa na NAT (ruta kuweka anwani nyingine ya IP mahali pa ile ya awali), ilhali anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao ya kifaa, huishia ndani ya kipande kimoja cha mtandao, kwa sababu kila ruta huvua fremu (bahasha ya nje ya pakiti) iliyopokea na kuivika pakiti fremu mpya yenye MAC ya ruta hiyo. Kwa hiyo anayeitafuta MAC ya kifaa cha mbali katika swichi iliyo karibu naye atatafuta hadi kuche na hataambulia kitu ila MAC ya ruta. IP itufikishe kwenye ruta ya mwisho. Kuanzia hapo tufuate MAC.

Hatua ya 1: Amsha kifaa. Tuma ping (pakiti fupi za kuuliza kama kifaa kipo) mfululizo kwa anwani inayotafutwa, tuseme 10.20.34.57, na usiisimamishe hadi kazi iishe. Majedwali ya mtandao husahau, tena hayasahau kwa mwendo mmoja: swichi nyingi hufuta MAC isiyosikika kwa sekunde 300, lakini ruta za Cisco, zisipobadilishwa mipangilio, hutunza jedwali la ARP (orodha ya IP ipi ina MAC ipi) kwa saa 4. Ndiyo maana mara nyingi ruta hukupa MAC bila kusita, kisha swichi ikakana kuwahi kuiona.

Hatua ya 2: Itambue ruta ya mwisho. Amri ya traceroute (kwenye Windows ni tracert) hutuma pakiti zenye TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) ya 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea. Kila ruta hupunguza moja, na ile inayofikisha sifuri huitupa pakiti na kurudisha taarifa inayoifichua. Ruta inayotokea mara tu kabla ya kifaa chenyewe ndiyo lango lake. Ukiona nyota badala ya majibu, usibuni. Ingia katika ruta ya mwisho iliyojibu, uandike `show ip route 10.20.34.57`, kisha ufuate ruta inayotajwa kuwa ya mbele, hadi utakapofika kwenye ruta inayosema mtandao huo umeunganishwa nayo moja kwa moja. Binafsi naiamini njia hii kuliko traceroute, ijapokuwa ni ndefu.

Hatua ya 3: Geuza IP kuwa MAC. Kwenye ruta hiyo andika `show ip arp 10.20.34.57`. Utapata MAC, mathalani 0000.5e00.531a, pamoja na VLAN yake, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi. Andika vyote viwili.

Hatua ya 4: Ifuate MAC. Kwenye swichi iliyounganishwa na ruta hiyo, andika `show mac address-table address 0000.5e00.531a`, nayo itakutajia poti. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nimo: niliwahi kuizima poti ya kwanza niliyotajiwa, kumbe ilikuwa tranki, yaani poti ya kuunganisha swichi na swichi, inayolisha swichi nyingine tatu, na ghorofa nzima ikakosa mtandao. Poti uliyotajiwa inakuonyesha upande ambao kifaa kipo, na huenda kifaa chenyewe bado kiko swichi kadhaa mbele. Basi uliza kwanza poti hiyo ina MAC ngapi, na kama ina swichi jirani. Amri ya `show cdp neighbors detail` kwa vifaa vya Cisco, au `show lldp neighbors detail` kwa vifaa vya kampuni mchanganyiko, itakupa jina la jirani na kwa kawaida anwani yake ya kuingilia. Poti ikitajwa kuwa Port-channel (poti kadhaa zilizofungwa pamoja kuwa moja), tafuta kwanza poti halisi zinazoiunda. Ingia kwa jirani, urudie hatua hii hii, hadi ufike kwenye poti isiyo na swichi jirani na yenye MAC moja tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kifaa ninachokitafuta hakijibu ping kabisa. Je, nimekwama?*

Hujakwama. Programu ya ulinzi ya kifaa huweza kuzuia ping, lakini kifaa kinachotumia IPv4 hakina budi kujibu ARP, la sivyo hakiwezi kupokea chochote kutoka kwa lango lake. Tatizo ni kwamba ruta yenye jibu la zamani haiulizi tena. Futa mstari huo mmoja wa ARP kwenye ruta, kisha tuma ping: ruta italazimika kuuliza, kifaa kitajibu, na jibu hilo likipita katika swichi litaiandika upya MAC kwenye majedwali.

*Nimefika kwenye poti yenye MAC 14, lakini LLDP haionyeshi jirani yeyote.*

Mara nyingi hiyo ni swichi ndogo isiyosimamiwa, ambayo mtu ameichomeka chini ya meza bila kuaga. Ila angalia mwanzo wa hizo MAC. Nyingi zikianza na 00:50:56, huenda umefika kwenye seva ya VMware yenye mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja), na utafutaji utaendelea ndani ya seva hiyo. Ikiwa ni kituo cha Wi-Fi, kiulize chenyewe au kidhibiti chake, kwa kuwa swichi haiwezi kukuambia zaidi.

*Naona MAC moja inahama kati ya poti mbili kila sekunde chache.*

Shuku mzunguko wa kebo (njia ya kebo inayorudi ilikotoka) kwanza, hasa kama MAC nyingi zinahama kwa pamoja. Ikiwa ni moja tu, huenda ni seva yenye kadi mbili iliyopangwa vibaya, au mashine mbili zilizonakiliwa pamoja na MAC zake.

*Je, kwa IPv6 hatua ni zilezile?*

Ni zilezile, ila IPv6 haina ARP. Tumia `show ipv6 neighbors`. Kifaa kimoja huwa na anwani kadhaa za IPv6, nyingine za muda, hivyo usishangae anwani tatu zikikupeleka kwenye MAC moja.

*Simu hubadilisha MAC. Tufanyeje?*

MAC ya kubuni hutambulika: tarakimu yake ya pili huwa 2, 6, A au E, ingawa baadhi ya mashine pepe nazo hutumia MAC za namna hiyo. Bado utaweza kuifuata hadi kwenye kituo cha Wi-Fi muda simu ikiwa hewani, lakini haitakutajia mwenye simu. Kwa hilo unahitaji mtandao unaomtaka mtumiaji ajitambulishe kwa 802.1X, yaani utaratibu wa kuthibitisha mtumiaji kabla ya kumruhusu kuingia mtandaoni.

*Na kama malalamiko yanahusu jana usiku, na kifaa kimeshaondoka?*

Hapo hatua zote za juu hazifai kitu, isipokuwa kama ulikuwa ukikusanya. Panga programu isome majedwali ya ARP na MAC kwa SNMP (njia ya kuvihoji vifaa vya mtandao), na uhifadhi kumbukumbu za seva ya DHCP, inayogawa anwani za IP. Majedwali ya MAC yasomwe kila baada ya muda usiozidi dakika 5, maana ndio umri wake wa kawaida. Ya ARP yanaweza kusomwa kwa nafasi zaidi. Saa za ruta, swichi na seva zote zifuate NTP (utaratibu wa kulinganisha saa kupitia mtandao), kwani tofauti ya dakika kumi inatosha kukupeleka kwa mtu aliyepewa anwani ileile baada ya mkosaji kuondoka.