Usinakili diski ya mashine pepe ikiwa imewaka

Natunza maktaba ndogo ya C inayogeuza saa kuwa za Kiswahili, ili 07:00 isomeke saa moja asubuhi. Kabla ya kutoa toleo jipya naijaribu kwenye mashine pepe 3, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi: Debian 12, FreeBSD, na Debian ya zamani ya biti 32. Zote zinakaa kwenye kompyuta moja chini ya meza yangu hapa Morogoro, zikiendeshwa na KVM na libvirt, programu za kuendesha na kusimamia mashine pepe kwenye Linux. Msimbo wenyewe haunipi wasiwasi, kwa sababu uko kwenye git na kila aliyeuchukua ana nakala yake kamili. Kilichowahi kunitoa jasho ni hiyo mashine ya biti 32.

Diski ya kompyuta ilikufa baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa usiku mmoja. Nilikuwa na nakala ya deb32.qcow2, faili ambalo ndilo diski ya mashine hiyo, kwenye diski ya nje, GB 18. Nikairudisha, nikaiwasha, ikaishia katikati ikilalamika kuwa mfumo wa mafaili umeharibika. Nilikuwa nimeinakili kwa cp huku mashine imewaka. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 20, na muda wote huo mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, aliendelea kuandika. Ndani ya qcow2 kuna majedwali yanayosema kila kipande cha data kiko wapi. Nilichopata ni majedwali ya mwanzo wa zile dakika 20 na data ya mwisho wake. Nilitumia siku 4 kuijenga upya, nikiokoteza vifurushi archive.debian.org, kwa kuwa seva za kawaida zilishaviondoa.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Kwanza jua diski iko wapi, na kama inasimama peke yake:

virsh domblklist deb32
qemu-img info -U --backing-chain /var/lib/libvirt/images/deb32.qcow2

Amri ya pili ikionyesha mafaili mawili au zaidi, faili lako limeegemea jingine la chini yake. Ukibeba la juu tu, umebeba nusu ya mashine.

Kisha hifadhi maelezo ya mashine yenyewe. Watu wengi huyasahau haya:

virsh dumpxml --inactive deb32 > /mnt/bekapu/deb32.xml

Umuhimu wake niliuona kwenye FreeBSD. Diski ya virtio (aina iliyoundwa kwa ajili ya mashine pepe) huko huitwa vtbd0 na kadi ya mtandao vtnet0. Ukiijenga mashine upya kwa kukisia, ukaipa diski ya SATA na kadi ya e1000, majina yanakuwa ada0 na em0, na kama fstab, orodha ya diski za kufunguliwa mashine inapowaka, inataja vtbd0 mashine haitaipata diski yake. Kama mashine inawaka kwa UEFI (programu inayoianzisha kompyuta), chukua pia faili la mipangilio yake lililo /var/lib/libvirt/qemu/nvram.

Njia ninayoipenda ni kuizima. Mashine ya majaribio haina mteja anayeisubiri, basi ipumzike:

virsh shutdown deb32
virsh list --all

Shutdown ni ombi tu, mgeni hujizima kwa wakati wake. Subiri uone shut off. Usikimbilie virsh destroy, kwani hiyo ni sawa na kuchomoa waya ukutani. Ikishazima:

cd /var/lib/libvirt/images
qemu-img convert -p -O qcow2 deb32.qcow2 /mnt/bekapu/deb32.qcow2

Convert huruka sehemu tupu, na kama kuna faili la chini hulijumuisha, ukapata faili moja linalojitegemea. Lakini snapshoti (hali ya diski iliyogandishwa kwa wakati fulani) zilizohifadhiwa ndani ya qcow2 haizichukui. Kama unazitegemea, tumia cp --sparse=always, mashine ikiwa imezimwa.

Isipowezekana kuzima, kwa mfano mashine inajenga vifurushi usiku kucha, weka qemu-guest-agent ndani ya mgeni, kisha:

virsh snapshot-create-as deb32 muda --disk-only --atomic --quiesce --no-metadata

Hapo agent anamwambia mgeni amalize alichoshika na asimame kidogo, na libvirt inafungua faili jipya, deb32.muda. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinaingia humo, na deb32.qcow2 linatulia. Linakili kwa qemu-img convert kama hapo juu, halafu rudisha yaliyoandikwa (vda ni jina la diski linaloonekana kwenye domblklist):

virsh blockcommit deb32 vda --active --pivot --verbose
virsh domblklist deb32

Usifute deb32.muda mpaka domblklist ionyeshe tena deb32.qcow2. Ukilifuta mapema, umefuta kila kilichoandikwa tangu snapshoti. Na ukisahau blockcommit kabisa, faili la juu litaendelea kunenepa, na snapshoti ya kesho itapandwa juu ya ya leo.

Sasa sehemu nisiyoiruka hata nikiwa na haraka: kuiwasha nakala. Siku ile ningeiwasha mara moja tu, ningejua mapema kwamba sina kitu.

qemu-img check /mnt/bekapu/deb32.qcow2
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -snapshot -nic none -drive file=/mnt/bekapu/deb32.qcow2,if=virtio

Neno -snapshot hapa linafanya maandishi yote yaende kwenye faili la muda, hivyo nakala haiguswi. Neno -nic none linainyima mtandao, isije ikagongana na mashine halisi. Nikishaingia naendesha make check ya maktaba yangu. Majaribio yakipita, nachukua sha256sum ya faili (alama itakayoonyesha kama faili limebadilika) na kuiandika pamoja na tarehe.

Nakala moja zaidi inakaa nyumbani kwa dada yangu, kwa Borg, programu ya kuhifadhi nakala. Kwa ajili hiyo siibani qcow2 kwa -c, maana Borg hutambua vipande vilivyokwisha kuhifadhiwa na kuvituma vipya tu. Faili lililobanwa humficha vipande hivyo. Endesha pia fstrim -av ndani ya mgeni wa Linux kabla ya kuanza, kama diski yake imewekewa discard='unmap', ili data iliyofutwa isibebwe bure.

Hazina hiyo ya Borg nimeifunga kwa nenosiri. Ndani ya mashine ya Debian 12 kuna ufunguo ninaotumia kusaini matoleo, na kuufuta kwa rm hakuondoi alama zake kwenye diski. Kwa sababu hiyo, mchangiaji akiniomba mazingira yangu ya majaribio simpi faili la diski. Nampa skripti inayojenga mashine nyingine tangu mwanzo.