Samansi ya juri Uingereza: namna ya kudai hela zako

Wengi hudhani juri, yaani wale watu 12 wa kawaida wanaoitwa mahakamani kuamua kama mshtakiwa ana hatia, ni ya wenye pasi ya Uingereza tu. Sivyo. Mkenya, Mtanzania au Mganda anayeishi huku kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, hivyo akijiandikisha kupiga kura, kompyuta inaweza kumchagua, mradi ana miaka 18 hadi 75 na ameishi nchini miaka 5 tangu atimize 13. Haya ni ya England na Wales. Scotland wana utaratibu wao.

Lishikeni hili kwanza: mahakama haikulipi ujira. Inakufidia ulichopoteza, na usipothibitisha hasara hupati fidia.

Hatua ya 1. Jibu samansi ndani ya siku 7. Ukikaa kimya, faini yaweza kufika pauni 1,000.

Hatua ya 2. Muulize mwajiri kama mshahara utaendelea. Sheria inamlazimu akuruhusu uende, haimlazimu kukulipa. Kama hakulipi, mpe fomu ya kuthibitisha kipato ulichopoteza aijaze. Hapa ndipo watu hukwama. Yangu ililala kwenye droo ya watu wa mishahara wiki mbili, mpaka nilipoifuata mwenyewe. Ipeleke mara tu uipatapo.

Hatua ya 3. Tunza risiti. Nauli ya basi na treni inarudishwa, gari lako ni pensi 31.4 kwa maili, na teksi uombe ruhusa ya mahakama kabla ya kuipanda. Chakula ni pauni 5.71 kwa siku isiyozidi saa 10. Sandwichi na chai, basi.

Hatua ya 4. Ukimaliza, peleka madai. Usipitishe miezi 12. Siku 10 za kwanza kikomo cha fidia ni pauni 64.95 kwa siku uliyokaa zaidi ya saa 4. Saa 4 kushuka chini ni 32.47. Kuanzia siku ya 11 ni 129.91. Yaani anayepata pauni 110 kwa siku, wiki mbili zitamtoboa mfuko karibu pauni 450. Jipange.

MASWALI

Naendesha teksi, nimejiajiri. Nani atanijazia fomu?
— Hesabu yako ya kodi, au barua ya mhasibu. Daftari la nyumbani liache nyumbani.

Je, dada, mlezi wa mtoto naye analipiwa?
— Ndiyo, akiwa nje ya utaratibu wako wa kawaida. Ila gharama yake imo ndani ya hiyo 64.95, haiongezwi juu yake.

Nipo Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Watanikata?
— Wiki 8 za mwanzo inaendelea. Mwonyeshe afisa wako samansi mapema.

Dada, na kesi yenyewe ilikuwaje?
— Tuliyojadiliana sisi 12 chumbani, kuyatoa ni kosa la jinai. Hata mume wangu hajui. Mwenye swali la hela aendelee.