Dakika za peke yako na dakika za mashindano: namna ya kuzilinganisha

Mwanafunzi akikimbia mita 3000 peke yake alfajiri kwa dakika 9 na sekunde 30 (9:30), kisha akapata 9:41 kwenye mashindano, wenzake husema amerudi nyuma. Huenda hajarudi popote. Hakuna sekunde maalumu za kuongeza au kutoa ili matokeo hayo mawili yalingane. Ukitaka jibu, andika muda wa raundi moja moja.

Anza na kipimo. Kwenye uwanja wa mita 400, mita 3000 ni raundi saba na nusu, kwa hiyo anzia alama ya mita 200 na umalizie kwenye mstari wa mwisho. Uwanja wa nyasi wa shule upimwe kwa tepu, sentimita 20 kutoka mstari wa ndani, au 30 ikiwa kuna ukingo ulioinuka. Ukitoka mita 300, zitakuwa raundi kumi. Saa ya GPS iachwe kando, maana hukosea kwenye kona. Wala mkimbiaji asijipimie: mmoja asimame mstarini na saa, asome kwa sauti, mwingine aandike.

Halafu hewa ya Mombasa. Jaribio la saa kumi na mbili asubuhi halifanani na shindano la saa nane mchana, hasa wakati wa kaskazi, jasho linapotiririka bila kukauka. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa Machi 2007, hata bingwa mtetezi, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, hakumaliza. Ikiwa shindano ni la mchana, fanya jaribio moja karibu na saa hiyo, lakini lifupishe liwe mita 2000, maji yawe tayari na kivuli kiwe karibu. Kusi nayo ina hesabu yake: upepo unaokupiga usoni hukupokonya zaidi ya unavyokurudishia ukikusukuma mgongoni.

Sasa soma raundi. Tuseme jaribio lilienda hivi kwa sekunde, tukianza na nusu raundi: 38, 73, 75, 76, 78, 80, 79, 71. Jumla ni 9:30. Ile 71 ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Miguu ilikuwa na nguvu. Katikati alilegea kwa kukosa mtu mbele yake. Huyu shindano litamfaa, akipata wa kumfuata kuanzia raundi ya tatu hadi ya sita.

Lakini ikiwa ni 38, 73, 76, 78, 79, 80, 80, 81, basi alianza kwa pupa na akaisha. Kundi la wenye kasi zaidi litamchosha mapema zaidi. Dawa yake ni kurudia jaribio akizuiwa: raundi tatu za kwanza zisishuke chini ya 77.

Upande wa mashindano, jumla ya muda hudanganya sana. Wakimbiaji wakiviziana, kilomita ya kwanza huwa ya polepole, na mshindi huamuliwa na raundi ya mwisho. Hapo linganisha mita 1000 za mwisho peke yake. Angalia pia alikokimbilia: akikaa laini ya pili raundi nzima, ameongeza karibu mita saba. Kwa mwendo wa sekunde 76, hiyo ni zaidi ya sekunde moja kila raundi, na kwa raundi nne za kubanwa nje zile 11 tulizoanza nazo zimepungua kwa tano hivi.

Kwa kuchagua timu, usimpime aliyekimbia peke yake dhidi ya aliyekimbia na kundi. Waite wote siku moja, uwanja mmoja, siku saba hadi kumi kabla ya mashindano. Siku mbili kabla ya jaribio hilo wakimbie taratibu tu, na asubuhi yake dakika 10 za kupasha mwili zatosha. Joto la pwani hufanya sehemu ya kazi hiyo.