SOMO: Kurekebisha bastola ya hewa ya mita 10 (soma yote kabla hujaniingilia inbox)

Nimechoka kujibu "triga yangu ngumu nifanyeje". Naandika leo mara moja, ukiuliza tena nakuelekeza hapa. Hii ni bastola ya hewa ya mashindano, peleti ya 4.5 mm, sio ile ya kubeba kiunoni. Na uwe na leseni, hapa Kenya hata ya hewa ni silaha kisheria.

1. Toa peleti. Angalia tena.

2. Piga picha kila skurubu ilivyo kabla hujagusa.

3. Mpini. Shika, funga macho, inua mkono, fungua. Ncha ya saiti (kifaa cha kulengea) ya mbele ikiwa imeegemea upande mmoja wa pengo la saiti ya nyuma, shida ni mpini, usizungushe saiti. Jaza palipo wazi na pati ya mbao, ikikauka piga msasa kidogo kidogo. Usiuzungushe mkono wote na mbao, ni marufuku, na bastola nzima lazima iingie kwenye boksi la 420 × 200 × 50 mm.

4. Saiti: acha mwanga wa kutosha pande zote za ncha, lenga kwenye weupe chini ya duara nyeusi.

5. TRIGA. Hapa tulieni. Kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo wa kulenga shabaha, zinataka uzito wa kuivuta usipungue gramu 500. Triga huvutwa kwa vituo viwili: mimi naweka kituo cha kwanza kama 400, cha pili kinachofyatua kama 120, hivyo kidole kinabeba karibu mzigo wote mapema na pale mwisho kinamalizia tu. Zungusha skurubu robo ya robo, pima, ndio uendelee. Kupima ni mtutu ukiangalia juu, hewa imejazwa, bastola imekokiwa, uzito unaning'inia katikati ya triga na unauinua kutoka mezani. Ukiuning'iniza kwenye ncha ya chini ya triga utapata jibu la uongo. Msiweke 500 kamili jamani, weka ziada, springi huzoea na siku ya ukaguzi unakuta imeshuka. Na ile skurubu ya kulabu ya ndani (inayozuia bastola isifyatuke mpaka uvute triga) WACHANA NAYO. Ukiipunguza sana triga inakuwa tamu kweli, halafu ukiiweka mezani kwa nguvu inafyatuka yenyewe.

6. Triga ikishafyatuka isiendelee kurudi nyuma sana, lakini usiibane kabisa, itakataa kufyatuka.

MASWALI

– Boss mimi niko na ya kujilinda, naweza kushusha triga ifike 500 pia?
Hapana. Umesoma mstari wa kwanza kweli?

– Nimesoma, nauliza tu.
Na mimi nimejibu tu.

– Si hii hatua ya 5 ndio ilikutoa mashindanoni Nairobi ile siku? 😂
Ndio hiyo. Swali lingine.

– Niko Kisumu, uzito wa kupimia naupata wapi? Nilikuwa natumia mizani ya samaki.
Swali zuri hili. Ya samaki achana nayo, mshale unaruka. Chukua chupa ndogo ya soda, tia mchanga mkavu, funga waya wa kuning'iniza, halafu peleka kwa sonara akupimie na waya wake mpaka isome 510. Andika kwa marker pen. Sonara hawezi kukosea gramu, hiyo ndio kazi yake.

– Peleti gani nzuri?
Inategemea mtutu wako. Kuna za kichwa 4.48, 4.49, 4.50. Funga bastola kwa jiliwa, weka kitambaa isikwaruzwe, piga tano tano za kila aina uone zipi zinaingia shimo moja. Duara la alama kumi kwenye shabaha ni 11.5 mm tu, hapo ndio tofauti inaonekana.

– Na kufanya mazoezi nyumbani bila peleti inaharibu?
Kama yako iko na swichi ya mazoezi, haiharibu. Elekea ukuta mweupe bila shabaha yoyote, uangalie ncha tu wakati triga inaachia. Ikitikisika, rudi hatua ya 3.

– Mtungi wangu wa hewa umeandikwa 2013, bado unashika hewa vizuri.
Wa aluminiamu? Hiyo ilishapita miaka 10, haukubaliki mashindanoni. Usiujaze tena hata kwa mazoezi, 200 bar sio upepo wa baiskeli.