Somo: Jumamosi na Jumapili Kigoma, na kwa nini uanzie Ujiji

Wadau, nimeulizwa mara nyingi mtu mwenye siku mbili tu Kigoma aanzie wapi. Naandika hapa mara moja, wengine nitakuwa nawaelekeza huku.

Hatua ya 1: Rekebisha saa kichwani. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inatumia saa ile ile ya Dar. Jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Ukiamka saa 11 alfajiri uwahi mandhari, utakaa na giza lako. Hiyo saa ya ziada utalipwa jioni.

Hatua ya 2: Jumamosi asubuhi, Ujiji. Panda daladala za Ujiji, si mbali. Mwambie konda akushushe kwa Livingstone, anapajua. Ndipo mwandishi Stanley alipomkuta mvumbuzi Livingstone mwaka 1871, inasemekana chini ya mwembe. Pana makumbusho madogo, mnara, na miembe inayoelezwa kuwa chipukizi la ule mwembe wa zamani. Sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana ndizo kila mtu anapiga nazo picha. Piga, kisha usiondoke.

Simama penye mnara utafute Ziwa Tanganyika. Halipo karibu, sivyo? Mimi mara ya kwanza nilidhani nimepotezwa. Kumbe enzi zile maji yalikuwa juu zaidi. Mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutolea maji upande wa Kongo, ulikuwa umeziba, ziwa likajaa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870. Kizuizi kilipopasuka, maji yakashuka mita kadhaa na ufuko ukauacha mji nyuma. Hivyo basi teremka kwa miguu hadi ufukweni. Unaposhuka unatembea juu ya ardhi iliyokuwa ziwa, na nyumba za zamani za Kiswahili zenye baraza ziko njiani.

Huko chini kuna mafundi wa boti. Kaa nao nusu saa. Fundi anakalafati: anachukua pamba, anaisokota kidoleni kama utambi, anaishindilia kati ya mbao mbili kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo mpaka ufa unafumba. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu.

Hatua ya 3: Jioni, tafuta mahali palipoinuka. Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Agiza mgebuka (samaki wa ziwa hili) wa kuchoma mapema, maana anachomwa ukishaagiza. Hatua hii haina maelezo mengi.

Hatua ya 4: Jumapili, stesheni. Jengo la Wajerumani, mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914. Tazama lilivyokaa: mbele mji, nyuma yake bandari. Reli hiyo ndiyo iliyoleta meli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha maelfu na kuungwa upya hapa Kigoma. Ikaingia majini 1915. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, ila mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza isiharibike majini. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Usipange safari ukiitegemea. Ilisimama miaka mingi ikisubiri ukarabati.

Hatua ya 5: Kibirizi, mwalo wa wavuvi, kwa ajili ya dagaa. Usinunue kwa macho. Niliwahi kubeba mfuko mzima, mke wangu akaosha maji saba na bado meno yakalia. Chota kiganja, sugua, mwaga, kisha tazama kilichobaki mkononi. Ukiona mchanga, ujue walianikwa chini. Ulizia walioanikwa kwenye chanja au neti.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabora: Mkuu, Hifadhi ya Gombe je? Mtu afike Kigoma asione sokwe?

Jibu: Ndugu yangu, Gombe haina barabara, ni boti tu, na sokwe hawakai getini kukusubiri. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 na miezi ya mwanzo walikuwa wanamkimbia. Ongeza siku mbili, au uache Ujiji. Mimi siachi Ujiji.

Mama wa watatu: Nina watoto wa miaka 7, 10 na 13.

Jibu: Basi dada, Gombe imejijibu yenyewe. Chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kufuata sokwe. Wapeleke kwa mafundi wa boti, hutawatoa.

Mwalimu wa historia: Umetaja Wazungu wawili na meli. Watumwa hukuwataja.

Jibu: Shikamoo mwalimu, nimekubali kosa. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Livingstone na Stanley wote walifika kwa njia ambazo wengine walizipita wamefungwa. Naongeza na Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyekimbia kumwambia Livingstone kuwa kuna Mwingereza anakuja. Yeye na mwenzake Chuma baadaye walikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Sanamu ziko mbili tu, mwalimu.

Mgeni wa Mwanza: Kuogelea vipi? Sisi kwetu tunaogopa kichocho.

Jibu: Hata huku kipo. Epuka penye majani na karibu na vijiji vya wavuvi. Na uliza wenyeji kuhusu mamba. Wakisita kujibu, usiingie.

Mpenda dagaa: Nilifika Kibirizi mwezi uliopita, dagaa wabichi hakuna hata wa kitoweo. Wamekwisha ziwani?

Jibu: Ulikwenda mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Nenda giza likiwa limeshika, usiku utaona taa zimejipanga ziwani kama mji mwingine.