Anasoma bila kukwama, lakini haelewi: anzia hapa

Nafundisha darasa la pili, Kirumba hapa Mwanza. Kuna mtoto alinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikafunga kitabu, nikamuuliza habari inahusu nini. Akajibu, "Kusoma." Silabi zote anazo, habari imempita.

Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Kabla ya kusoma. Wasomee kichwa cha habari tu, wabashiri kitakachotokea. Andika ubaoni makisio mawili matatu, hata ya ajabu. Dakika 5, basi.

Katikati, simama. Kazi yenyewe iko hapa. Mimi hutunga habari mwenyewe:

"Jioni baba alitoa karabai. Akatazama juu, akaona mwezi mpevu. Akairudisha karabai ndani, akalala."

(Karabai ni taa ya kuvutia dagaa usiku. Siku hizi wavuvi wengi wana taa za sola, ila karabai watoto wanaijua.) Uliza: mbona hakwenda ziwani? Jibu halijaandikwa popote. Watoto wa mwaloni, kule mitumbwi ya dagaa inakotia nanga, watakurukia: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa! Wengine watasema baba alichoka. Usiwakatalie. Waulize, "Neno gani limekuonesha amechoka?" Warudi kwenye sentensi walitafute wenyewe. Maswali ya "nani alitoa karabai?" mimi nimeyapunguza sana, maana mtoto ananakili mstari na kupata vema bila kuelewa chochote.

Baada ya kusoma. Vitabu vifungwe, kila mmoja amsimulie jirani yake.

MASWALI

*Mwalimu, Magu:* Wangu nyumbani ni Kisukuma tupu. Kusimulia kwa Kiswahili wanakwama.

Waache waanze kwa Kisukuma, mwalimu mwenzangu, halafu mrudie pamoja kwa Kiswahili. Hapo utajua kama kilichokwama ni habari au ni maneno.

*Mwalimu, Igogo:* Nina watoto 92. Wakisimuliana si itakuwa soko?

Itakuwa. Siku ya kwanza mkuu wangu alichungulia dirishani akidhani darasa halina mwalimu. Anza na safu moja kwa siku, wengine wachore walichosoma.

*Mzazi, Nyegezi:* Wa kwangu yuko la kwanza, bado anaunganisha silabi. Nisubiri?

Usisubiri, mama. Msomee wewe. Kama kitabu hakuna, msimulie hadithi huku mnachambua dagaa, na sungura akishanaswa tu, nyamaza. Mwache yeye aseme atatokaje.