Somo: Kusoma Mhadhara wa Tanner na kikundi bila kupotea njiani

Mihadhara ya Tanner kuhusu tunu za kibinadamu ilianzishwa mwaka 1978 na Obert Clark Tanner, mfanyabiashara wa Utah aliyekuwa pia mwalimu wa falsafa. Hutolewa kila mwaka Cambridge, Oxford, Harvard, Yale, Princeton, Stanford, Berkeley, Michigan na Utah, na mara moja moja kwingineko. Hapa tunaangalia namna ya kusoma mhadhara mmoja ukaiva.

1. Chagua swali, si jina kubwa. Kwa kuanzia, chukua wa Amartya Sen, mchumi na mwanafalsafa kutoka India, "Equality of What?", alioutoa Stanford tarehe 22 Mei 1979. Una kurasa 20 na ushee, na swali lake ni moja: tukisema watu wawe sawa, wawe sawa katika kitu gani?

2. Pakua maandishi. Yapo bure kwenye tovuti ya mihadhara yenyewe. Tafuta kwa jina la ukoo la mhadhiri. Angalia usichukue kitabu kilichotokana na mhadhara ukadhani ndio mhadhara: mara nyingi kimeongezwa na kupanguliwa, na kurasa hazitalingana na za wenzako.

3. Soma mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili fuata mfano mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Kwa Sen, mshike yule mtu mwenye ulemavu, ambaye kwa pato lolote hupata nusu ya manufaa (yaani kuridhika) anayopata mwenzake. Anayetaka jumla ya manufaa iwe kubwa kabisa atampa pato dogo zaidi, maana kwake fedha "haizai". Anayetaka manufaa ya watu yalingane atamwongezea, lakini huyo mwenye ulemavu akiwa mtu mchangamfu asiyenung'unika, nyongeza inayeyuka. Mwanafalsafa John Rawls anapima bidhaa za msingi, kama kipato na uhuru, kwa hiyo ulemavu wenyewe hauonekani kwenye mizani. Hapo ndipo Sen anapoleta uwezo wa msingi: je, mtu huyu anaweza kutembea na kufika anakotaka?

Wengi huruka hadi kurasa za mwisho, wakisaka "jibu". Wanalipata, ila hawajui lina kazi gani, kwa sababu nguvu yake imo katika njia tatu zilizokwama kabla yake.

4. Kikao. Watu 6 hadi 8, dakika 90. Dakika 10 za muhtasari, 20 za kuchora hoja ubaoni, zinazobaki mjadala. Mteue mpinzani siku tatu kabla, aje na pingamizi moja lililoandikwa. Hatua hii msiiruke: kwenye mihadhara hii yenyewe kwa kawaida huwa na wachangiaji walioalikwa na semina baada ya hotuba, na faili unalopakua mara nyingi halina majibu yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, mtu anaombaje kuwa mhadhiri?
Jibu: Haombi, ndugu. Chuo mwenyeji ndicho humteua na kumwalika.

Swali: Kikundi chetu kila mara kinaishia kwenye "mimi naona". Tufanyeje?
Jibu: Wekeni sharti: kabla ya kupinga, msemaji ataje ukurasa na airudie hoja kwa maneno ambayo mhadhiri mwenyewe angeyakubali. Wiki mbili za kwanza itachosha kweli.

Swali: Nimefungua wa Coetzee wa Princeton, nimekuta hadithi. Nimekosea faili?
Jibu: Hujakosea. Coetzee ni mwandishi wa riwaya, na alisimulia kuhusu mwandishi wa kubuni, Elizabeth Costello, anayetoa hotuba kuhusu wanyama. Ukiandika "Coetzee anasema" umeteleza. Andika "Costello anasema", kisha jiulize kwa nini mwandishi amejificha nyuma yake. Usianze na huu.